Kitabu cha Kumchekesha Mgonjwa

Katika watu wote waliowahi kula kwa jasho la vitabu, hakuna aliyewadharau wenye maduka ya vitabu kama Mama Sampuli. Kusoma alipenda. Alisoma kwenye foleni, alisoma akingoja maji yachemke, na nusu ya vitabu vyake vilikuwa na madoa ya chai. Shida yake ilikuwa wale wanaoviuza. Kampuni ya uchapishaji iliyomwajiri ilimpa begi la sampuli, nakala moja moja ya kila kitabu kipya, na kazi yake ilikuwa kupita duka hadi duka kuwashawishi wenyewe waagize. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mjini kote aliitwa Mama Sampuli, naye aliitika.

Miaka ya kubeba begi lile ilimfunza kwamba mwenye duka dogo la vitabu ni mmoja kati ya watu wawili: anayevipenda vitabu hadi anaona uchungu kuviuza, au anayependa kuuza hadi hajali kama ni vitabu au sufuria. Kati ya hao wawili hakujua amhurumie nani, basi akaamua kutomhurumia yeyote.

Siku moja Meneja alimwita. Meneja alikuwa mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe, na kila alichotaka kusema alikianza kwa "nimekuwa nikiwaza". Safari hii alikuwa amewaza kwamba wasomaji wa siku hizi wamechoka na maduka makubwa ambayo yote yanafanana kama mayai. Wanataka maduka madogo, ya mtu binafsi, yenye harufu ya karatasi na mwenye duka anayekujua kwa jina. Kwa hiyo kampuni itoe kijitabu cha bure kuhusu maduka ya vitabu yanayostahili kutembelewa, kila duka na maelezo yake mafupi. Nani anayajua kuliko Mama Sampuli?

Mama Sampuli alimjibu kwamba anayajua, na ndiyo sababu asingependa kuyaandika. Meneja akacheka, akidhani ni utani.

"Andika kwa upendo," alimwambia.

Mama Sampuli alitoka ofisini akiwa amebenua mdomo. Kwake yeye, kuambiwa aandike kwa upendo juu ya watu wale ilikuwa kama kuambiwa amsifie mbu kwa uimbaji.

Alianza na duka la Bwana Kimya. Lilikuwa juu ya ngazi nyembamba ambayo mtu mnene angeipanda kwa kusali. Bwana Kimya alijificha nyuma ya rundo la vitabu, na mteja akigusa kimoja, alimtazama kama mtu aliyeshikiwa mtoto wake na mgeni asiyenawa mikono. Ukimuuliza bei, aliguna kwanza kama anayeumwa tumbo. Watu walilisifu duka lile kwa utulivu. Mama Sampuli aliona ni utulivu wa makaburini, tofauti ni rafu tu.

Akaenda kwa mke na mume waliouza kahawa, mito ya kuegemea, mishumaa ya kunukia na vikombe vilivyoandikwa maneno juu ya raha ya kusoma. Vitabu navyo vilikuwepo. Vilipangwa kwa rangi, vyekundu na vyekundu, kijani na kijani, hata sehemu ya kwanza ya hadithi moja ikakaa ukuta wa mashariki na sehemu ya pili ukuta wa magharibi kwa sababu majalada hayakufanana. Mteja mmoja aliulizia kitabu cha ufugaji wa nyuki, na yule mke, kwa upole kabisa, akamuuliza kina rangi gani.

Akamalizia siku kwa Mwalimu Mstaafu. Huyu hakuuza kitabu bila mtihani. Ukitaka riwaya, alikuuliza ile uliyosoma mara ya mwisho ilikuwa inasema nini, na ukibabaika, alikufungia kitabu cha sarufi. Mama Sampuli alikiri moyoni kwamba angalau huyu aliuza, ingawa aliwauzia watu wasichokitaka.

Aliyaandika yote mezani kwake nyumbani, akiitafuna kalamu, akitafuta neno la upendo kama mtu anayetafuta sindano gizani. Bwana Kimya akapata "duka lenye utulivu". Mke na mume wakapata "duka lenye rangi". Mwalimu akapata "duka lenye nidhamu". Hakuna hata moja lililokuwa la uongo, na hilo lilimfariji kidogo.

Kisha Meneja akamwita tena. Alikuwa amewauliza wasomaji wa kampuni duka wanalolipenda kuliko yote, na walilolitaja wengi halikuwemo kwenye karatasi zake. Lilikuwa duka la Profesa.

Mama Sampuli uso ukamkauka. Profesa alikuwa mume wake wa zamani.

Chuo kikuu, Profesa alikipita kwa nje tu, akienda sokoni. Lakini alikuwa na miwani, sauti nzito na namna ya kuinamisha kichwa kama anayepima jambo zito, na mtaa ukampa cheo bila kudai vyeti. Mama Sampuli alimpendea masikio yake. Walipokuwa wangali wapya, jioni yeye alipiga pasi huku akimsimulia kitabu anachokisoma, na mume aliketi kwenye kigoda, kidevu kiganjani, akiuliza "halafu?" pale pale panapostahili kuulizwa. Ilimchukua miaka kugundua kwamba mtu yule hakuwa na neno lingine. Paa likivuja, alisikiliza kwa makini mno habari za kuvuja kwake, kisha akauliza "halafu?" Mtoto akiugua, "halafu?" Mwishowe Mama Sampuli alimwambia kwamba halafu yake ni kuondoka, akachukua binti yao na pasi yake. Waliachana bila kuvunja hata kikombe.

Kilichomuudhi ni kwamba baada ya hapo mtu yule alifungua duka la vitabu. Ilikuwa kama asiyejua kuogelea kufungua shule ya kuogelea. Katika miaka yote ya ndoa, Mama Sampuli alimwona na kitabu mkononi mara moja tu, na siku hiyo alikuwa anaua mende. Tangu duka lifunguliwe alikuwa hajakanyaga. Alimwachia mwenzake wa idara ya mauzo alihudumie, yeye akibaki kusonya kila likitajwa.

Sasa alikwenda, begi begani na moyo umefungwa kama ngumi.

Zamani palikuwa kwa kinyozi. Vioo vikubwa vilibaki ukutani, rafu zimepachikwa katikati yake, na kile kiti cha kunyolea, cha kupanda na kushuka, kilikuwa bado kimekazwa sakafuni kwa sababu hakuna aliyeweza kukifungua. Vitabu vilikaa ovyo, vingine vimelala kifudifudi kama walevi, na kitabu cha mapishi kilikuwa kimeegemea cha sheria za ardhi. Vumbi lilikuwa la kuandikia jina. Mama Sampuli aliona yote hayo kwa mkupuo mmoja na akafurahi. Kilichomkera ni watu. Ilikuwa saa za kazi, siku ya kawaida tu, na duka lilikuwa limejaa.

"Karibu, mzazi mwenzangu," alisema Profesa kutoka nyuma ya kaunta, kama kwamba walionana jana.

"Nimekuja kikazi," alijibu.

Akakubali kwa kichwa na kumgeukia mteja wake, mama mmoja mwenye sare ya benki aliyekuwa ameshika riwaya ya zamani kuhusu fundi cherehani. Profesa akaegemea kaunta, akashusha sauti.

"Huyu fundi," alimwambia, "anapima viuno vya mji mzima, lakini mdomo wake hajaupima hata siku moja."

Mama wa benki akacheka. Mama Sampuli alisimama kama aliyemwagiwa maji. Maneno yale hayakuwemo kitabuni. Yalikuwa yake. Aliyasema mwenyewe akinyoosha sketi ya shule ya binti yao, na mwenyewe akayacheka. Profesa aliendelea, na kila alipopunguza sauti ni pale pale alipopunguza yeye, na kila aliponyamaza kidogo ni pale alipokuwa akinyamaza yeye kugeuza nguo. Mama wa benki alikikumbatia kitabu kama zawadi.

Akaja mwingine na kitabu kilichotoka mwaka juzi. Mama Sampuli alikijua ukurasa kwa ukurasa; kilihusu ndugu wanaogombea shamba la baba yao. Profesa alilitazama jalada, akainamisha kichwa, akasimulia habari ya wizi wa benki, na askari mwenye ndoto mbaya, na mwanamke aliyezika fedha chini ya banda la kuku. Alisimulia vizuri kweli. Hapo Mama Sampuli akaelewa. Vitabu vya kabla ya talaka, Profesa alivijua kwa sababu yake. Vya baada ya hapo alijitungia. Kisima kilikauka mwaka ule pasi ilipotoka nyumbani, na mtu akaendelea kuteka ndoo tupu na kuwanywesha watu.

Kabla hajajua acheke au asonye, akaingia mzee mmoja mwenye gazeti kwapani, akapiga kitabu kwenye kaunta na kudai kwamba aliambiwa kaka mtu anakufa, naye amefika ukurasa wa mwisho na kaka mtu yu mzima kama kigongo. Profesa hakutikisika. Alimwambia amesoma kwa pupa, kaka alikufa moyoni. Mzee akakataa. Mwanamke aliyekuwa dirishani akasema yeye anaona kaka alistahili kufa. Mwingine akaingilia, na mara watu wanne walikuwa wanabishana juu ya kaka ambaye hayupo, mmoja wao akiwa amepanda kwenye kiti cha kinyozi ili asikike.

Kumbe hiki ndicho walichokipigia kura. Waliuziwa mbuzi kwenye gunia, wakafika nyumbani wakamfungua, kisha wakamrudisha dukani kuwaonyesha wenzao jinsi asivyofanana na aliyesemwa. Mama Sampuli aliwatazama kwenye vioo, wakiwa mara mbili ya idadi yao, akawadharau nao pia. Watu wazima, wenye kazi na wajukuu.

Ubishi ulipopoa, Profesa aliliona begi.

"Kipya kipo? Kinahusu nini?"

Alikuwa nacho kipya. Ilikuwa riwaya ya mwanamke anayekufa wodini, polepole, huku dada yake akimsuka nywele chache zilizobaki. Mama Sampuli alikisoma kwa siku kadhaa kwa sababu mara mbili alilazimika kukifunga ili apumue. Angeweza kumwambia hivyo. Angeweza kumwambia akisome mwenyewe. Lakini aliyatazama macho yale yaliyokuwa yakingoja kulishwa, akakumbuka paa, akaona nafasi ya kumvua nguo mbele ya wateja wake wapenzi.

"Kinachekesha," alisema. "Sijawahi kucheka hivyo. Kinahusu mgonjwa mtundu anayewasumbua wauguzi."

"Halafu?" alisema Profesa, kidevu kikiwa tayari kimepata kiganja.

Akampa halafu. Alimtungia mgonjwa anayejificha chini ya kitanda wakati wa sindano, dada yake anayeingiza kuku wodini ndani ya begi, daktari anayemchumbia mtu asiye sahihi. Alidanganya kwa ustadi ambao hakuwahi kujua anao, na alipotoka nje alikuwa akitabasamu barabarani peke yake.

Jioni hiyo alimpigia binti yao simu kumsimulia. Binti, ambaye alifanya kazi kwenye duka la dawa na hakuwa mwepesi wa kucheka, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema baba hatadhurika, kwa sababu baba kusutwa ameshazoea. Aliuliza tu nani atakayekinunua. Mama Sampuli akamwambia aache kuongea kama kibandiko cha chupa ya dawa.

Haikupita muda, mwenzake wa mauzo akaleta habari kwamba Profesa ameagiza nakala nyingine za kile kitabu cha wodini, kisha nyingine tena. Meneja alifurahi na kusema amekuwa akiwaza kwamba wasomaji sasa wamekomaa, wanaweza kuubeba msiba. Mama Sampuli alichagua siku, akajisingizia kwamba bado hajaandika maelezo ya duka lile, akaenda. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi, mguu juu ya mguu, kama aliyewahi mapema kwenye harusi ili apate mahali pazuri. Mavuno yalikuwa karibu, na alitaka kuyaona yakivunwa.

Aliyeingia alikuwa mzee mrefu, mabega mapana, dereva wa malori aliyestaafu. Wote walimwita Dereva. Alikuwa na kile kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Mama Sampuli alitegemea atakirusha. Hakukirusha. Alikitoa kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kaunta, akakinyoosha kilale sawa.

"Uliniambia kitamchekesha," alisema.

Profesa alikuwa na utani mdomoni, ulionekana ukija. Kisha akauona uso wa mtu yule, na utani ukarudi ulikotoka.

Dereva hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mke wake amelazwa, na macho yake yamechoka, kwa hiyo yeye ndiye anayemsomea wakati wa kutembelea wagonjwa. Yeye si msomaji. Alizoea kusoma vibao vya barabarani. Lakini aliahidiwa kicheko, basi akavaa miwani na kuanza. Ukurasa wa kwanza hakuona kichekesho, akadhani labda ni yeye. Akamwambia mkewe subiri, kuku anakuja. Wakasubiri kuku. Yule wa kitabuni akazidi kukonda, akapewa kitanda cha karibu na mlango, na Dereva akaendelea kusoma, kila ukurasa akisema moyoni kichekesho kiko mbele, kama lori unalolisukuma ukijua kituo cha mafuta kiko baada ya kona.

"Nikafika pale dada mtu anakusanya nywele kwenye leso," alisema. "Nikakifunga. Mke wangu akaniuliza, anakufa, sivyo? Nikamwambia hapana, kuku bado hajaja."

Hata mzee wa gazeti aliangalia viatu vyake.

Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu wa kawaida tu, mwenye mikunjo.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikukisoma. Nisamehe sana, kaka yangu."

Hakusema nimeambiwa, hakusema kuna mtu. Mama Sampuli alimwona kwenye kioo, na aliona jinsi alivyojitahidi kutoangalia upande wa kile kiti. Alikuwa anamfichia.

Na hilo lilimchoma kuliko kama angemtaja kwa jina. Hata wema wa mtu huyu ulikuwa wa kivivu, alifikiri. Ulikuwa wa kukaa kimya tu. Mwenye kosa aketi kitini kama malkia, na yule mvivu aondoke na sifa ya uungwana! Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, na hicho hakikumhusu Profesa. Alikuwa anamwona mtu mzima akimwambia mkewe subiri, kuku anakuja. Kuku yule alikuwa wake. Alimtunga mwenyewe, na alijisifu kwa ajili yake barabara nzima.

Akashuka kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyemwambia kinachekesha," alisema. "Na mimi nilikuwa nimekisoma."

Dereva aligeuka polepole, kama anayerudisha lori kinyumenyume, akamtazama yeye, kisha Profesa, kisha yeye tena.

"Huyu hakusoma akadanganya," alisema. "Wewe umesoma, ukadanganya."

"Ndiyo."

"Mmeoana?"

"Tuliachana."

"Mlikosea," alisema Dereva. "Mlifaana."

Mama Sampuli alikuwa amewadharau watu maisha yake yote, na alidhani anazijua dharau za kila aina, za wauza vitabu, za mameneja, za wasomi. Hii hakuwahi kuionja. Ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kumuumiza; alisema tu alichokiona, kama anayesoma kibao.

Dereva alikuwa ameshafika mlangoni Mama Sampuli alipomwita. Alimwomba asubiri. Alimuuliza mke wake hucheka nini.

Dereva alifikiri. Ilikuwa dhahiri hataki kumjibu, lakini swali lenyewe lilimpendeza.

"Mimi nikianguka," alisema.

Mama Sampuli akaingia kwenye rafu. Hakuwahi kumchagulia mteja kitabu. Siku zote aliona ni kazi ya watu wanaojipendekeza. Alisukuma vile vilivyolala kifudifudi, akapekua nyuma ya sheria za ardhi, vumbi likamjaa mikononi, mpaka akapata riwaya moja ya kizamani ya mwanamume anayewajengea wakwe zake nyumba kwa mikono yake mwenyewe ili aonekane. Akamweleza Dereva kilivyo, bila kutia chumvi. Anaanguka mara nyingi, alisema, na mara moja anaanguka pamoja na mama mkwe. Sura za mwanzo zinachosha, aziruke. Katikati kuna shairi, nalo aliruke. Hakuna anayekufa.

"Hakuna kabisa?"

"Mbuzi mmoja. Na ni wa jirani."

Dereva alikichukua bila kushukuru. Kile cha wodini alikataa kukigusa tena; kilibaki juu ya kaunta, na Profesa akakiweka chini yake bila kukifungua, kama kawaida yake.

Maelezo ya duka lile Mama Sampuli aliyaandika siku hiyo hiyo, na hakutafuna kalamu. Aliandika kwamba mwenye duka hasomi. Kwamba mtu asimwamini hata kidogo juu ya kitabu kilichotoka miaka ya karibuni. Kwamba vitabu vina vumbi na hakuna mpangilio. Na kwamba msomaji akimaliza chake arudi kumwambia kilikuwa kinahusu nini, kwa sababu atakuta watu wa kubishana nao, jambo ambalo halipatikani kwa Bwana Kimya wala kwenye mishumaa. Meneja alisoma, akauliza kama huo ndio upendo. Mama Sampuli akamwambia ndio uliobaki stoo. Kijitabu kilipotoka, "hasomi" ilikuwa imegeuka kuwa "ana mawazo huru", na vumbi lilikuwa limegeuka kuwa "harufu ya historia". Alikitupa kwenye begi bila kumaliza ukurasa.

Lakini duka la Profesa alilichukua tena kwa mwenzake wa mauzo. Alisema ni kwa ajili ya kulinda jina la kampuni. Alipita mara kwa mara, akasimama mbele ya kaunta bila kuketi, na kumweleza Profesa kila kitabu kipya kwa ufupi na ukweli, kwa sauti ya mtu anayetoa amri. Profesa alisikiliza, akauliza halafu, na kesho yake akakisimulia nusu sawa na nusu kwa uzushi wake. Mama Sampuli akigundua, alimkemea mbele ya watu. Watu walianza kuja siku za kukemewa kwake.

Siku moja wakiwa hivyo, mlango ukafunguliwa, akaingia Dereva akimshika mkono mwanamke mdogo, mwembamba, kichwani kilemba, aliyetembea kama anayehesabu vigae. Dereva alimkalisha kwenye kiti cha kinyozi, naye akaanza kukizungusha kidogo kidogo kwa mguu, akijitazama kioo baada ya kioo.

"Wewe ndiye wa kuku?" mwanamke yule alimuuliza Mama Sampuli.

Alikubali kwamba ndiye.

Mwanamke yule alisema kile cha nyumba ya wakwe hakikumchekesha. Kilichomchekesha ni mumewe kukisoma, kwa sababu aliruka sura za mwanzo kama alivyoagizwa, na hawakujua nani ni nani mpaka mwisho, hivyo kila aliyeanguka walidhani ni mama mkwe. Lakini hakuja kwa ajili ya hicho. Alikuja kwa kile cha kwanza. Huyu hapa alikataa kukimalizia, akakirudisha dukani kama soksi zisizomtosha, na yeye akabaki wodini miezi na miezi akijiuliza.

"Nataka kujua ilivyoisha," alisema.

Mama Sampuli alitazama upande wa Dereva, naye aligeukia dirisha.

"Anakufa," alisema Mama Sampuli.

"Hilo nalijua. Kufa ni kufa. Nauliza ilivyoisha."

Mama Sampuli akashusha begi sakafuni, akavuta boksi la vitabu, akaliketia. Akasimulia. Hakupunguza kitu na hakutia chumvi. Alisimulia zile nywele kwenye leso na dada mtu alizifanyia nini. Alisimulia asubuhi ambayo mgonjwa aliomba apelekwe dirishani, na maneno waliyoambiana, ambayo hayakuwa makubwa. Walibishana ni nani alivunja bakuli la mama yao utotoni. Alisimulia jinsi ubishi ule ulivyokatika katikati, na dada akabaki na jibu zuri ambalo hakupata wa kumpa. Dereva alitoka nje, akasimama barabarani. Mke wake aliacha kuzungusha kiti. Mzee wa gazeti alifungua mdomo atoe maoni, akatazamwa, akaufunga. Nyuma ya kaunta, Profesa alikuwa ameinama, kidevu kiganjani, na safari hii hakuuliza halafu.

Alipomaliza, mwanamke yule alianza tena kuzungusha kiti.

"Bakuli alivunja mkubwa," alisema. "Siku zote huwa ni mkubwa."

"Kitabu hakisemi."

"Hakuna haja ya kusema."

Akashuka kitini, akamshukuru, akagonga kioo cha dirisha kwa pete kumwita mumewe, wakaondoka taratibu, wameshikana mikono. Hawakununua kitu.

Profesa alikitoa kile kitabu chini ya kaunta, akakitazama, akamtazama na yeye.

"Umewamalizia chote," alisema kwa masikitiko. "Sasa nitamuuzia nani?"

Mama Sampuli alijipangusa vumbi la boksi, akambandika kile kitabu kifuani, na kumwambia akisome kwanza yeye mwenyewe, mvivu mkubwa.